Nyumba Kumi na Tisa za Muheto

Emérita alikuwa binti wa Straton, seremala wa kijiji cha Muheto, na wa kwanza katika ukoo wao kusomea shahada ya uzamili ya usanifu wa majengo huko Goma. Profesa wake alimshauri aandike juu ya maghorofa yanayochipuka kando ya ziwa. Alikataa. Alichagua nyumba za mbao za kwao, ambazo hakuna aliyewahi kuzichora.

Likizo ya mwaka 2022 alirudi kijijini akapima nyumba kumi na saba, baba yake akimshikia ncha ya utepe. Nyingi alizijenga Straton mwenyewe.

"Papa, juu ya nini paa hii iko na mutelemuko mukali hivi?"

Straton alicheka kwa furaha. Miaka thelathini ya kazi, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini.

Zilibaki nyumba mbili ng'ambo ya kijito. Chuo kilikuwa kinafungua, kwa hiyo Emérita alimwachia baba yake daftari azimalizie.

Februari iliyofuata vita ikafika Muheto. Straton na mkewe, Drocella, wakatoka mbio na watu wengine kuelekea Sake. Hawajafika mbali, Straton akasimama.

"Enda mbele," alimwambia mkewe. "Kazi ya mutoto imebakia mu nyumba."

Drocella alimkamata koti. Akajinasua, akarudi.

Siku ya tatu jirani yao Kanyamibwa alimkuta Drocella kambini, nje ya Goma, Emérita akiwa kando yake. Akatoa daftari ndani ya shati.

"Nilimukuta kwa barabara, alikuwa amekwisha kufa. Tulimuzika mbio mbio, masasi ya bunduki ilikuwa inalia. Hii njo alikuwa nayo."

Emérita hakulifungua kwa miezi minane. Aliacha masomo, akawa anasaidia kufunga shitingi, yale maturubai ya plastiki, juu ya vibanda vya wakimbizi. Mama yake hakuwa msemaji, ila siku moja, wakichambua maharage, aliuliza bila kuinua macho:

"Ulimutuma arudiye?"

"Sikumutuma, Mama."

"Ninajua. Lakini roho inaniuliza kila siku."

Walilia pamoja, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Jioni ile Emérita alifungua daftari. Nyumba zile mbili zilikuwamo, kwa mwandiko mzito wa baba yake. Hakuandika mita wala sentimita. Aliandika: ukuta, mikono tisa; mlango, mikono miwili na shubiri.

Alirudi chuoni. Siku ya kutetea kazi yake, mmoja wa watahini alisita kwenye kurasa za nyumba zile mbili.

"Mkono mmoja hapa ni sentimita ngapi?"

"Sijui, Profesa. Ulikuwa mkono wa baba yangu."

Mtahini akavua miwani, akafunua ukurasa uliofuata.

Emérita alifaulu kwa heshima. Nyuma ya ukumbi, Drocella alifunua kazi hiyo ukurasa kwa ukurasa mpaka akaiona nyumba yake, akaweka kiganja juu yake. Wakati huo walikuwa wamekwisha kusikia kwamba mbao za nyumba za Muheto zimeng'olewa zikawa kuni.

Leo wanaishi chumba kimoja cha kupanga. Emérita anachora madarasa ya shule kwa ajili ya wengine. Kaburi la Straton hawajaliona bado. Kanyamibwa anasema liko penye kona, upande wa juu wa barabara, na kwamba hawakupata nafasi ya kuweka alama.