Mtumaji Hatakuwa na Dai Lolote

Nimesoma mambo mengi ya kipuuzi maishani mwangu, zikiwemo hotuba za uzinduzi wa vyoo, lakini sijasoma upuuzi uliovaa tai kama mkataba wa telegramu. Ninao nyumbani kwangu Kirua Vunjo, ndani ya mfuko wa mbolea, juu ya kabati. Ni nakala ya makubaliano kati ya serikali ya kikoloni na kampuni moja ya Ulaya iliyokuwa na nyaya zake chini ya bahari. Niliiokota ofisini mjini Moshi, nilikokuwa karani wa telegramu, siku tulipoambiwa huduma imekwisha na stoo isafishwe. Wenzangu walibeba viti. Mimi nilibeba makaratasi, na mke wangu mpaka leo ananiuliza viti vyetu viko wapi.

Ni kurasa kumi na nne za Kiingereza cha kujikweza. Serikali inaipa kampuni ardhi ya pwani ya kupandishia waya wake, bure. Serikali haitaruhusu kampuni nyingine kuleta waya kwa muda wote wa mkataba. Mitambo haitatozwa ushuru. Nayo kampuni, kwa shukrani, itatanguliza telegramu za serikali mbele ya nyingine zote, tena kwa nusu bei. Watu wawili walikaa mezani huko kwao wakapeana nchi ambayo sidhani kama hata mmoja wao aliwahi kuikanyaga, wakatia sahihi, wakaenda kula. Nyuma yake kumebanwa barua fupi ya baada ya uhuru, ya mkubwa wetu wenyewe, inayosema masharti yaliyopo yataendelea kama yalivyo. Hakubadilisha hata nukta. Huyo namdharau zaidi, maana wale wengine angalau walikuwa wanajipigania.

Mtu wa kawaida, yule aliyesimama dirishani kwangu akihesabu maneno yake kwa vidole, ametajwa mara moja tu, kwenye kifungu cha ishirini na mbili. Hapo anaitwa mtumaji. Kampuni haitawajibika kwa telegramu yoyote itakayochelewa, itakayokosewa au itakayopotea, na mtumaji hatakuwa na dai lolote. Miaka yote waliyokula pamoja, hilo ndilo neno walilokuwa nalo kwetu.

Nami nilikuwa mtumaji mara moja. Baba yetu alifariki Jumanne, kaka yangu akiwa Ulaya anasomea uhandisi. Tulikuwa wawili tu, yeye wa kwanza, mimi wa mwisho. Nilijaza fomu kwa mkono wangu, nikaandika kama wazee wa ukoo walivyoniagiza, na nikairusha Dar es Salaam mwenyewe ili ipelekwe ng'ambo. Tukasubiri hadi Jumamosi. Kaka hakuja wala hakujibu, tukazika. Siku ya kumaliza matanga wazee walizunguka kihamba, yaani shamba letu la ukoo lenye migomba na kahawa, wakatuonyesha mipaka kwa kupanda masale, mmea wetu wa kuwekea alama ya mpaka. Pale alipopaswa kusimama mtoto wa kwanza alisimama baba mdogo, na kila mtu aliangalia chini.

Tulimpelekea kaka telegramu ya pili kwamba baba amefariki na tumemzika. Baada ya mwezi mmoja na zaidi ikaja barua yake, mstari mmoja: "Mmemzika baba yangu bila kuniambia."

Aliporudi nchini alikuwa anakuja Krismasi kama watu wote, anakaa barazani, anaulizia hali ya migomba. Lakini hakuwahi kupita nyuma ya nyumba, liliko kaburi. Mimi nilijua wa kumlaumu. Wiki ile ya msiba wakubwa walikuwa na mkutano wao mjini, na telegramu za serikali zilifurika ofisini kwetu. Nilizipitisha mwenyewe. Tumefika salama. Tunashukuru kwa chakula cha jioni. Tunawatakia maadhimisho mema. Kila moja ilikuwa na haki ya kutangulia mbele ya maiti ya baba yangu, kwa mujibu wa mkataba. Nikaamini kwamba yangu ililala Dar es Salaam chini ya lundo la salamu za wanene mpaka kaburi lilipofukiwa. Sikuamini tu, nilihubiri. Nimewachosha watu na kifungu cha ishirini na mbili kwenye harusi, kwenye vikao vya ukoo, hata kwenye foleni ya kuuza kahawa.

Mwaka huu, Jumamosi moja, kaka alipanda kutoka Moshi mjini anakoishi. Ni mzee sasa, moyo unamsumbua, na watoto wake wote wako Kanada. Mke wangu alimwandalia mtori, supu yetu ya ndizi, yeye akaomba soda, kama mgeni wa serikali.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Sikai sana. Nimekuja kukuambia ili siku hiyo msihangaike. Nimeshapanga, nitazikwa makaburi ya mjini."

Asiyetoka huku anaweza kuona ni jambo dogo. Kwetu mtu huzikwa kihambani, kwa baba yake. Anayezikwa mjini ni yule asiye na watu, au yule ambaye watu wake walimkataa. Mtoto wa kwanza wa baba yangu alikuwa anataka kulala kati ya watu asiowajua, na kila atakayepita pale angesema ni mimi niliyemfukuza. Nilihisi hasira na hofu kwa pamoja.

Nikapanda juu ya stuli, nikashusha mfuko wa mbolea, nikamsomea. Kifungu kwa kifungu, nikitafsiri, na maoni yangu juu. Nilimweleza habari ya waya, ardhi ya bure, nusu bei, mkutano wa wakubwa. Yeye ni mhandisi, anasikiliza vizuri. Akavaa miwani, akachukua kurasa, akasoma mwenyewe cha ishirini na mbili, akatikisa kichwa.

"Kweli hawa walikuwa washenzi," akasema.

Nilifurahi kama mtoto. Nikadhani nimeshinda.

"Na wewe uliandika nini?"

"Lini?"

"Ile telegramu ya kwanza. Uliandika nini?"

Nilijua vizuri nilichoandika. Karani hasahau. "Baba mgonjwa sana njoo," nikasema.

Ndivyo tulivyokuwa tunafanya. Mtu aliye peke yake ugenini hakupelekewa habari ya kifo. Baba mkubwa ndiye aliyeagiza, alisema kijana ataanguka barabarani na hakuna wa kumshika. Kazini kwangu nilirusha telegramu za namna hiyo kila wiki, na nusu ya wagonjwa mahututi wa Kilimanjaro niliowatangaza walikuwa tayari wamefunikwa shuka. Aliyekuwa Tanga au Mwanza alifunga safari saa ile ile, kwa sababu alitujua. Kaka yangu alikuwa amekaa ughaibuni miaka sita. Yeye alituamini.

"Ilifika," akasema.

"Ilifika lini?"

"Kesho yake asubuhi. Nilikuwa sijaenda hata darasani."

Alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Nilikuwa na mtihani wiki ile. Nikasema mgonjwa anatibiwa, nimalize, nipande ndege nimwone. Nikaanza kumwandikia barua ya kumpa pole. Kabla sijaiposti, ikaja ile nyingine ya kusema mmemzika."

Kwa hiyo hakukuwa na lundo lolote. Kampuni niliyoitukana maisha yangu yote, kwa mkataba wake wa kinyonyaji ambao bado nasema ni wa kinyonyaji, iliubeba uongo wangu usiku mmoja, ikauvusha bahari, ikaukabidhi mlangoni bila kuangusha herufi. Serikali haikuuzuia. Wakubwa na salamu zao hawakuugusa. Mwenye kosa alikuwa karani mmoja mtiifu wa Moshi aliyejua kabisa kwamba baba yake amekufa na akaandika mgonjwa, kisha akajificha nyuma ya kurasa kumi na nne. Nimewadharau watu wengi, lakini sijawahi kumdharau mtu kama nilivyojidharau barazani pale.

"Nisamehe, kaka."

Mke wangu alitoka, akatuangalia, akarudi ndani. Kisha kaka akasema, bila kuniangalia, "Ningekuja. Ungeandika amekufa, ningekuja hata kwa miguu."

"Najua."

"Hujui." Akashika mkono wa kiti, akainuka polepole. "Haya. Nizikeni hapa, kwa baba. Lakini wanangu wako mbali. Siku hiyo wewe ndiye utakayewapigia simu."

"Nitawapigia."

"Usiwaambie naumwa," akasema. "Waambie nimekufa."