Kabati Jeupe la Mwalimu Jokha

Tabia aliijua kazi ya mumewe kwa masikio. Karakana ya Mcha ilikuwa barazani pa nyumba yao ya Mwembetanga, na yeye akiwa ndani akichagua mchele aliweza kusema bila ya kuchungulia kwamba sasa fundi anakata, sasa anapiga randa, sasa amesimama anafikiri. Miaka ishirini na minne ya ndoa ilimfunza. Sauti iliyomshitua mwaka ule wa sabini na moja ilikuwa nyengine kabisa. Mcha alikuwa anacheka.

Aliyemchekesha ni mteja, Jokha binti Ghanim, mwalimu wa skuli, mwanamke wa miaka thelathini na kitu asiye na mume, aliyekuwa akikaa Kajificheni na shangazi yake mtu mzima. Nyumba yao ilikuwa kubwa, lakini choo kilibanwa kwenye pembe ya ngazi, na mtu akinyoosha mikono miwili anagusa kuta zote mbili. Mwalimu alijaaliwa kupata beseni la kunawia la kauri, jeupe, zima, na sasa alitaka kabati la kuliweka juu yake, na kabati lenyewe liwe jeupe vilevile.

Mambo yote haya Tabia aliyapata kupitia dirishani. Mcha alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika. Akiulizwa na mkewe kama chumvi imetosha, hujibu kwa kichwa. Na mtu huyo huyo alisimama na mwalimu saa nzima wakijadili kabati la choo. Mcha alitaka kulichonga maua mlangoni. Jokha akakataa, kwa kuwa povu la sabuni lingejikusanya ndani ya maua na nani atakaa kulichokoa. Mcha akataka miguu mifupi. Jokha akataka mirefu, ili maji yakimwagika yafagiliwe chini yake. Wakashindana juu ya rangi pia. Fundi aliona weupe utachafuka upesi, mwalimu akamwambia choo kina kidirisha kimoja tu na rangi nzito itaumeza mwanga wote. Mwisho wakapatana: mlango mmoja mtupu, mtoto wa meza mmoja, droo ya kuwekea vitana, na ukingoni kwa juu mchongo mwembamba kama kamba iliyosokotwa.

Tabia angeweza kuyavumilia hayo. Neno lililomkaa kooni lilikuwa jengine. Kila baada ya muda alimsikia mumewe akiuliza, "Mwalimu unaonaje?" Yeye hajapata kuulizwa anaonaje, hata kitanda anacholalia.

Siku ya kupaka rangi Mcha aliingia chumbani, akainama, akatoa uvunguni mkebe wa rangi nyeupe ya mafuta. Mkebe ule waliuweka kwa madirisha yao, na mjini rangi ilikuwa haipatikani hata kwa dawa. Tabia akamuuliza anakwenda nao wapi.

"Madirisha hayendi popote," alijibu, akatoka.

Alasiri moja kabla ya kupaka mkono wa mwisho, Mcha akiwa msikitini, Jokha alibisha hodi. Alikataa kuingia ndani, alikuwa na haraka. Alisema amejaribu nafasi ya kabati kwa kuweka boksi chini ya beseni, akaona mlango wa choo unafungukia ndani na utagonga. Akaomba fundi aambiwe apunguze inchi tatu upande wa kulia. Yeye mwenyewe alikuwa anakwenda Chwaka kwa kazi za mitihani, hatarudi mpaka juma lijalo.

"Inshaallah ntamwambia," Tabia alisema, na alipolisema hakuwa na nia mbaya.

Mcha akarudi. Hajavua viatu, hajauliza kitu chengine chochote, akasema, "Mwalimu hakuja?"

Tabia alimtazama namna alivyoinua uso akingoja jawabu. "Hakuja," akasema.

Siku mbili zilizofuata neno lilimjia ulimini mara kadhaa, na kila mara likarudi. Akimwona Mcha amepiga magoti anaipapasa ile kamba ya ukingoni kwa msasa, pole pole kama anayempaka mtoto mafuta, roho yake inafunga.

Wiki iliyofuata kabati lilipakiwa kwenye gari la hamali likapelekwa Kajificheni. Kabla ya adhuhuri likarudi. Mcha akaliteremsha barazani, akalifunika gunia, akaingia kula. Tabia alimpakulia, akingoja kufokewa.

"Halikuingia," Mcha alisema tu. "Mlango unagonga."

Kesho yake akalifungua lote, akakata ubavu, akachonga ubao mpya wa juu, maana hakutaka kamba yake ikatike katikati. Kazi iliyokwisha ikaanza upya kwa wiki tatu nyengine. Na wiki tatu hizo Jokha alikuja kila akitoka skuli, mara kuleta kipimo cha beseni, mara kuleta nusu mkebe wa rangi aliyoitafuta mji mzima. Tabia alikaa ndani akiwasikia. Alijua kwamba vicheko hivi vya sasa kavinunua yeye mwenyewe.

Siku moja Jokha alimkuta Mcha ametoka kutafuta bawaba. Akamfuata Tabia mlangoni.

"Bi Tabia, usimtie lawama fundi," alisema. "Siku ile kabati halikuingia nlimwambia ujumbe nliuacha kwako, akanambia ulimfikishia, yeye ndiye aliyesahau. Watu wazima tunasahau."

Mwalimu alipokwenda zake, Tabia alikaa barazani. Mcha alipotokea, bawaba bado zimo mkononi, alimkabili hapo hapo.

"Baba Wanu, kwa nini ulimwambia umesahau?"

Mcha alikaa juu ya benchi lake la kazi. "Ulitaka nimwambie mke wangu kanificha neno?"

"Unacheka naye," Tabia alisema. "Sijakusikia kucheka hivyo tangu mwanetu Wanu tukimbeba mgongoni. Leo Wanu ana watoto wawili Mkokotoni."

Kisha akamuuliza lililokuwa likimla: alisema uongo ule kumsitiri mkewe, au alijisitiri mwenyewe mbele ya mwalimu?

Mcha alizigeuza bawaba kiganjani. "Yote mawili," alisema. "Na usinambie nikupimie lipi kubwa." Kisha akasema siku ya kulipeleka kabati waende pamoja.

Wakaenda. Safari hii liliingia, mlango ukafunguka hadi mwisho bila ya kukwaruza. Jokha akaanza kulipamba, na alilipamba vibaya: kopo la poda, chupa tatu za manukato, birika, kitambaa cha kufuma kilichoning'inia hadi kwenye mlango wa kabati. Choo kikazidi kuwa kidogo. Akageuka.

"Bi Tabia, unaonaje?"

Tabia alikuwa amekusudia kutosema kitu. Akajikuta anasema mengi. Kitambaa kiondoke, kitarowa. Chupa ziingie kwenye mtoto wa meza, juu kibaki kisahani cha sabuni na mrashi wa kunyunyizia marashi peke yake. Kioo cha ukutani kipandishwe kielekee kidirisha. Akachuma asumini kwenye chungu cha shangazi, akazitia ndani ya kikombe. Jokha alisikiliza kila neno, akauliza sababu, akabisha juu ya kioo, akakubali. Tabia alihisi mwenyewe jinsi inavyokuwa mtu kuulizwa namna ile, na hilo halikumpunguzia wivu. Lilimpa kujua tu wivu huo umetoka wapi. Alipogeuka alimwona Mcha amesimama ngazini, anaangalia kabati, au anamwangalia mwalimu anavyoliangalia. Hakuweza kupambanua.

Kabati lile lilimletea Mcha wateja, walimu wenzake Jokha. Tabia akahamisha ungo wake wa mchele barazani, akawa anakaa karibu na benchi na kutia neno lake kuhusu miguu na vishikio. Mcha mara humsikiliza, mara hukata tu anavyotaka yeye. Jokha naye alipita mara moja moja kuwaamkia. Siku hizo Tabia humkaribisha, huichemsha chai mwenyewe, na haondoki pale mpaka kikombe cha mgeni kiwe kitupu.