Chumba cha Ndani cha Jirani Yetu

Mimi, rafiki yangu, hujenga magofu. Usicheke. Wenzangu wakitoka kazini hufuma vitambaa au hulala. Mimi huketi mezani na jasi, vijiti vya ufagio na vumbi nililolichekecha kwa chujio la chai, nikajenga nyumba ya Mji Mkongwe iliyoanguka, ndogo ya kutosha kukaa juu ya sinia. Jasi haikatwi kwa kisu, maana ikikatwa haitamdanganya mtu kuwa jiwe. Unaimwaga bapa jembamba, unaiacha ikauke, kisha unaivunja kwa vidole, kila kipande kiachane kinavyotaka chenyewe. Nilikuwa najisifu kwa kifusi changu. Wallahi nilijisifu.

Juzijuzi wakanialika kwenye maonyesho ya kazi za mikono hapo mjini, nikapeleka nyumba ya jirani yetu wa utotoni. Watu wakainama kuitazama, wakaipiga picha. Kumbe jirani mwenyewe yu hai, na binti yake akamleta kwa furaha, amemshika mkono, aje aone nyumba yao.

Nikamwamkia shikamoo. Macho yake yalikuwa kwenye sinia.

Nyumba ile ilikabiliana na yetu, kichochoro chembamba katikati, bakuli tukipokezana madirishani. Alasiri akikaanga kalimati harufu ya iliki ilitufikia kabla ya bakuli. Sisi watoto wa kike tulichambua mchele kwenye baraza yake, tukigombana nani amekula mchele mbichi. Lakini juu, chumbani kwake, hatukupanda. Hata bibi yangu, na usuhuba wao wote, aliishia kwenye ngazi akamwita kwa sauti mpaka ateremke.

Mwanawe, kwa mapenzi tu, akazipiga lipu ya saruji zile kuta za mawe na chokaa. Zikang'ara, mtaa mzima tukamsifu, na wengine wakafanya vivyo hivyo. Hatukujua kwamba ukuta wa chokaa hupumua, ukiuziba kwa saruji maji hubaki ndani yakaula. Masika yalipokolea, asubuhi moja, ukuta wa mbele ukaporomoka wote. Alhamdulillahi yeye alikuwa Darajani kununua samaki.

Vumbi lilipotua tukaona chumba chake kizima, kimebaki juu hakina uso. Kitanda cha besera na pazia zake. Mrashi wa kunyunyizia marashi na vitana kwenye vidaka vya ukutani. Shimizi inaning'inia msumarini. Wanaume walishaanza kukusanyika na makarai chini, na bibi yangu hakuuliza habari ya mawe wala boriti. Alifungua sanduku lake akatoa kanga zote, hata zile za kutokea, akawaita wanawake wakafunga kamba kutoka dirishani kwetu hadi kwenye boriti za upande wa pili, wakazitandaza moja baada ya moja mpaka chumba kikafichika. Sisi tuliwapa pini. Ndipo akawaambia wanaume haya, endeleeni na kazi. Kisha akatugeukia sisi watoto akasema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mlichokiona mmekiona. Jirani aliporudi na kikapu chake, akaziona zile kanga kwanza, akakaa chini akalia.

Basi mimi niliyekuwa nawapa pini ndiye niliyekitengeneza kile chumba. Kitanda nimekiweka. Mrashi nimeuchonga kwa njiti ya kibiriti. Na shimizi, Mungu anisamehe, nimeishona kwa kipande cha leso nikaitundika kwenye msumari, na ndiyo iliyosifiwa kuliko vyote. Nilidhani naikumbuka nyumba kwa mapenzi. Nilitamani ardhi inimeze.

Alinyanyua macho taratibu. "Bibi yako alinisitiri, mwanangu," akasema.

Basi. Akaniuliza hali ya mama, akanituma nimsalimie, na binti yake bado anacheka, anapiga picha, hajafahamu kitu. Laiti angenitukana.

Siku ile ile nikalichukua gofu langu nikarudi nalo nyumbani. Nikasema nitaujenga ukuta wa mbele, nikifunike kile chumba, nyumba isimame kama zamani. Nikamwaga jasi, nikashika penseli nichore. Madirisha yalikuwa mangapi? Yalikuwa na mbao za rangi gani, na lile la juu lilifunguka upande upi? Ukuta niliopita chini yake utoto wangu wote, nakumbuka jinsi ulivyoanguka tu. Nimemuuliza mama, amesahau. Nimemuuliza dada yangu, akasema kwani nyumba zote si zilikuwa hivyo hivyo? Bibi keshatangulia mbele ya haki, na mahali penyewe siku hizi panaegeshwa vespa za kukodisha wageni.

Anayejua amebaki mmoja. Anakaa kwa binti yake, ng'ambo ya mji tu hapo, mwendo wa kwa miguu, na mimi sina uso wa kwenda kumuuliza.