Papa wa Shangazi Kwenye Meza ya Makubaliano

Sipendi kuulizwa habari za mkutano ule, na nikiulizwa na mtu baki husema siku hiyo nilikuwa naumwa, lakini nyinyi ni watu wangu na najua nusu yake mshaisikia barazani (tena nusu ya uwongo, eti nilikamatwa), basi bora nijiaibishe mwenyewe kuliko kuaibishwa na watu ambao hata hawakuwepo. Sikukamatwa. Ningekamatwa ingekuwa afadhali, maana aliyekamatwa hufungiwa ndani asionekane, na mimi nilionekana na kisiwa kizima, nimevaa tai.

Mwanzo wake ni majisifu yangu. Nilipopata kazi katika ofisi ya itifaki, kwa majaribio ya mwaka mmoja, niliwaambia watu wa kwetu Kikwajuni kuwa mimi ndiye ninayewapokea wageni wa serikali. Na kweli nawapokea, nawapokea mabegi. Kazi yangu hasa ilikuwa kupanga viti, kuweka vibao vya majina mezani, kujaza maji kwenye bilauri na kuangalia bendera isije ikaanguka na feni. Lakini shangazi yangu Bi Mwanaisha, aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita, kila akiniona natoka na suti huwaambia majirani, "Haji wetu sasa ndo anowaendesha mabalozi," na mimi nasikia, nanyamaza, nanyoosha tai.

Ndipo ukaja huo mkutano. Jumuiya ya nchi za kanda yetu ilikuwa inatiliana saini na Comoro makubaliano ya ushirikiano, mambo ya biashara, ya meli, ya balozi zao kusaidiana, na Unguja tukapewa uenyeji kwa kuwa sisi na Wangazija ni watu wa kuoana tangu zamani. Kila kitu kilikuwa kishakubaliwa isipokuwa kifungu kimoja tu: chakula cha kukausha, samaki hasa, kivuke na cheti cha afya au kivuke bila cheti. Siku mbili nzima wakubwa wanagombania kifungu hicho, jumuiya inataka cheti kwa kila mzigo hata uwe mdogo vipi, Comoro wanasema watu wao wadogo wadogo watakufa njaa kabla hawajakipata hicho cheti, na mimi najaza maji. Siku ya tatu Comoro wakachoka, wakasema basi, na iwe cheti, tutie saini twende zetu.

Asubuhi ya siku hiyo ya tatu mkuu wangu, Bi Rukia (huyu ni mwanamke akikutazama juu ya miwani unakumbuka kila kosa ulilofanya tangu uko chuoni unasoma juzuu), alinipigia simu kabla sijatoka nyumbani. "Haji, barua yako ya kuthibitishwa kazini iko mezani kwangu. Leo ipite salama, kesho naitia saini." Isipopita salama hakusema itakuwaje, wala sikuuliza, maana mwaka ulikuwa unakwisha wiki ile na asiyethibitishwa huambiwa ahsante, nenda nyumbani. Nikaweka simu, na hata moyo haujatulia nikasikia naitwa kutoka uani.

"Haji!"

"Naam, shangazi."

Nikatoka nikamkuta kakaa juu ya kibao cha mbuzi, mbele yake mkoba wa ukili umevimba, umeshonwa mdomo kwa uzi mwekundu. Sasa lazima niwaambie kuhusu mikoba hii. Ofisi yetu ilitaka kuwapa wageni zawadi za kwetu, karafuu, mdalasini na sabuni za mwani wa Makunduchi, zitiwe ndani ya mikoba ya ukili, na mimi kwa kutaka kuonekana najua watu nikasema namjua msusi. Shangazi akasuka kumi na miwili. Kumbe alisuka kumi na mitatu.

"Huu wa nani?" nikamuuliza, nikijifanya sielewi.

"Wa nani tena? Wa Fatma, shangazi yako. Toka kafanyiwa operesheni hali kitu. Kanambia jana kwa simu, dada, nkipata papa wa kwetu ntakula. Na wageni wako si wanaondoka leo kwenda kwao? Basi mpe mmoja ambebee."

Nyinyi mnajua tulivyo. Hapa kwetu mtu hasafiri peke yake, ukitaja tu kuwa unakwenda Dar, kabla hujafunga begi mlango unagongwa, huyu ana halua, huyu ana bizari ya mwanawe anayesoma, huyu ana kanzu ya kumpelekea bwana harusi, na kukataa ni kutangaza kuwa umekuwa mtu mwingine. Shangazi Fatma kaolewa Moroni, huko Comoro, mimi sijazaliwa, na kwa miaka yote hiyo hajawahi kusafiri mtu kwenda huko bila kifurushi chake. Maneno niliyopaswa kusema yalikuwa mafupi: shangazi, mimi ni mpanga viti, siwezi kumbebesha papa mgeni wa taifa. Badala yake nikasema, "Usitie shaka. Hawa ni watu wangu. Tena mizigo yao haikaguliwi."

"Haikaguliwi?" Macho yakamng'aa. "Subiri kidogo niongeze barua."

Akafumua uzi, akatia barua, akatia na chupa ya achari ya embe, akashona tena.

Nilikuwa na mpango, msinione mjinga kiasi hicho. Katika ujumbe wa Comoro kulikuwa na karani mmoja mcheshi, tulishazoeana kwenye foleni ya chai, nikasema huyu nitamtia mkoba mkononi uwanja wa ndege, kimyakimya, yaishe. Tatizo ni wapi pa kuuweka mpaka jioni. Mkutano ulikuwa katika hoteli moja ya Mji Mkongwe, ukumbi juu orofani, na chini ya ngazi kulikuwa na chumba kidogo tulichoweka zawadi. Nikausukuma mkoba wangu chini kabisa ya meza, nyuma ya yote. Papa akaanza kujitambulisha pale pale. Papa mkavu ndani ya chumba kisicho na dirisha si jambo la kusubiriwa, basi nikachukua kichupa changu cha mafuta ya udi, nikaumwagia mkoba wote. Harufu iliyotoka hapo siwezi kuieleza, labda ya samaki anayekwenda harusini.

Nikaitwa juu kurekebisha kipaza sauti. Huku nyuma mwenzangu Asha (binti mwema, mchapakazi, na sijamsamehe) akaingia kupanga zawadi. Akaona mikoba kumi na miwili juu ya meza na mmoja chini, mnene kuliko yote, umeshonwa kwa uzi mwekundu, unanukia udi. Kwa akili yake, na mimi ningekuwa yeye ningefikiri hivyo hivyo, mkoba mkubwa ni wa mkubwa. Akauweka wa kwanza.

Zawadi zikatangulizwa kabla ya saini kwa sababu watu wa televisheni walikuwa na haraka. Mimi nimesimama ukutani na jagi langu la maji, namwona Asha anapanda ngazi kaubeba ule mkoba kwa mikono miwili kama mtoto wa kutiwa jina, na uzi mwekundu ule nikaujua kutoka mbali. Nikamkonyeza, akanitabasamia. Nikatikisa kichwa, akadhani namsifu. Kabla sijapiga hatua mkoba ukawa mikononi mwa kiongozi wa ujumbe wa Comoro, mzee mrefu mpole mwenye kofia ya kiua, na kamera zote zikamgeukia.

Hapo bado palikuwa na salama. Zawadi hupokelewa, ikashikwa kidogo, ikapigwa picha, ikawekwa kando. Lakini mshereheshaji wetu ni mtu asiyejua kunyamaza, akasema kwa sauti ya bashasha, "Mheshimiwa, kwa mila zetu mgeni hufungua zawadi yake mbele ya wenyeji!" Mila hiyo haipo. Kaitunga pale pale.

Mzee akakata uzi. Feni ikachukua harufu ikaigawa ukumbi mzima kwa haki, hakuna aliyekosa. Kiongozi wa jumuiya akatoa hanchifu. Afisa wao wa ukaguzi, yule yule aliyesimamia kifungu cha cheti siku mbili bila kupepesa, akainua pua juu kama mtu anayekumbuka jambo. Mzee akatoa gazeti, ndani ya gazeti papa, vipande vinne, chumvi imeganda vizuri. Akatoa chupa ya achari. Akatoa barua, na kwa kudhani ni salamu rasmi za serikali, akampa mshereheshaji asome.

Na yule mtu akasoma. Kwenye kipaza sauti nilichokirekebisha mimi mwenyewe.

"Kwa mdogo wangu Fatma, assalamu alaykum. Papa huyu nimemkausha mwenyewe juu ya paa, kwa hivyo kula bila wasiwasi. Nimempa Haji akuletee. Haji sasa ni mtu mzito serikalini, bila yeye mkutano haufunguliwi. Kanambia mizigo ya hawa wakubwa haikaguliwi, basi ukitaka tena sema tu, mkutano ujao nakutumia pweza."

Mzee akauliza kwa upole, "Huyo Haji yuko wapi?"

Ningenyamaza. Hakuna aliyekuwa ananijua ila watu wachache. Lakini mtu aliyelelewa na Bi Mwanaisha akisikia jina lake linatajwa, mdomo haumsubiri.

"Naam!" nikaitika, kwa sauti kubwa na ya adabu.

Kamera tatu zikanigeukia. Bi Rukia naye akanitazama juu ya miwani, na mimi nikaiona barua yangu inaruka dirishani.

Afisa wa ukaguzi akasimama. "Waheshimiwa, hiki ndicho tulichokuwa tunakisema. Mzigo huu hauna cheti, na umepangiwa kupita bila kukaguliwa."

Mzee akamtazama papa, akamtazama afisa. "Na bibi huyu cheti atakipata wapi? Juu ya paa?" Watu wakacheka, upande wa Comoro zaidi, na mzee akaweka kalamu chini. "Mimi nilishakubali, lakini sasa nimekumbuka. Mama yangu alikuwa akitumiwa papa hivi hivi. Kifungu hiki tukizungumze tena."

Jamani, kifungu kilichokwishakufa kikafufuka kwa ajili yangu. Kwa muda wa saa moja na nusu walizungumza, saini hakuna, vyakula vya mchana vinapoa, na wakati wote huo papa kalala katikati ya meza baina ya bendera mbili, na mimi najaza maji kwa mikono inayotetemeka huku kila ninayemjazia ananitazama na kusema, "Ahsante, mtu mzito." Mwisho wakakubaliana mizigo ya biashara iwe na cheti, na vifurushi vya watu vya nyumbani viundiwe kamati. Wakasaini. Afisa akamtia papa ndani ya mfuko wa plastiki, akaufunga, akaandika "sampuli ya kamati," akaondoka naye.

Uwanja wa ndege nilijificha nyuma ya mabegi, lakini yule mzee akanitafuta mpaka akaniona. Akanipa mkono, akainama sikioni. "Mwanangu, kifungu kinasema samaki. Achari hakikuitaja." Akapiga mfuko wa koti lake mara mbili, nikasikia chupa.

Bi Rukia hakunifukuza. Aliniongezea miezi sita ya majaribio, na kwenye sababu akaandika neno moja tu, papa. Kila mtu wa masjala kalisoma.

Nyumbani nilikwenda kwa miguu ili nichelewe. Nikamkuta shangazi mbele ya televisheni imezimwa, mikono mapajani. Nikaanza kujieleza, chumba, Asha, feni, akaninyamazisha kwa kiganja.

"Nlikuona," akasema. "Nlidhani utakuwa umekaa na wale wakubwa, nkakutafuta kwenye viti vyote. Umesimama ukutani na jagi."

Katika siku nzima ile, mbele ya nchi zote zile, hapo ndipo nilipoona aibu hasa, mpaka macho yakanichoma.

"Ndo kazi yenyewe?"

"Ndo kazi yenyewe, shangazi. Na viti."

Akanigeukia. "Mbona ulijaza vizuri. Mkono unakutetemeka vile na hata tone hukumwaga."

Nimeapa tangu siku hiyo, sibebi kifurushi cha mtu hata kiwe cha sindano, na kazi yangu naitaja kama ilivyo kwa yeyote anayeuliza. Shangazi Fatma alipiga simu wiki iliyofuata, achari aliyopelekewa na yule mzee kaimaliza na wali, anauliza papa yuko wapi. Papa yuko kamatini, nikamwambia, na kamati haijakaa bado. Na jana natoka na suti yangu ile ile, nikamsikia shangazi anamwambia jirani mlangoni, "Haji wetu anagawa maji kwenye mikutano ya mabalozi, na hamwagi," na mimi nikasikia, nikanyamaza, nikaiacha tai ilivyo.