Keki ya Kichwa cha Descartes

Bonaventure alifundisha hesabu Uvira, mashariki mwa Kongo, kwa miaka tisa kabla vita havijamtupa Stockholm. Aliyemtia hamu ya hesabu alikuwa mwalimu wake wa sekondari, Maître Léonidas. Huyo alichora ubaoni mistari miwili iliyokatizana, akawaambia wanafunzi kwamba ni Mfaransa Descartes aliyewaonyesha watu njia hiyo ya kuipa kila nukta anwani yake. Mwaka 1998 watu wenye silaha walimchukua Léonidas. Siku ya nne Bonaventure na wenzake waliupata mwili wake kando ya mto, hauna kichwa. Walikitafuta mpaka wakachoka, wakamzika hivyo hivyo.

Stockholm alipata kazi ya usafi katika shule moja ya binafsi katikati ya mji. Kila mchana alipanda treni ya metro kutoka kitongoji cha Hjulsta, akafuta mbao zilizojaa grafu, na kila moja aliisoma kwanza.

Februari 2006 shule iliadhimisha siku aliyokufa Descartes. Bonaventure alisimama na ndoo yake mbele ya bango ukumbini. Kwamba malkia wa Sweden alimwita mtu huyo amfundishe alfajiri, katikati ya baridi kali, na nimonia ikamwua baada ya miezi michache, hayo aliyajua. Yaliyofuata hakuyajua. Miaka kumi na sita baadaye, mifupa ilipofukuliwa ipelekwe Ufaransa, inasemekana askari mmoja alikibakiza kichwa. Kikapita mkono kwa mkono, na waliokimiliki wakaandika majina yao juu ya fuvu lake.

Akaisoma sentensi ya mwisho tena, kisha akaiinua ndoo yake.

Saa tisa mwalimu wa hesabu, Gunnel, aliingia na keki. Ilikuwa fuvu jeupe lenye matundu mawili ya macho. Wanafunzi waliandika majina yao kwenye paji kwa chokoleti, kisha kisu kikapita, na jemu nyekundu ikachuruzika mezani. Msichana mmoja aliomba apewe ubongo. Wakacheka, wakilamba vidole.

"Bonaventure, chukua kipande kabla hujaanza kufagia," Gunnel akamwambia.

"Sitaki. Na meza hii sitaisafisha."

"Kuna nini?"

"Mtu huyu alikuwa mwalimu. Mlimwita wenyewe, baridi yenu ikamwua, mkamwibia kichwa. Leo mnakila."

"Ni keki tu. Hata yeye angecheka."

"Ulimuuliza?"

Bonaventure aliegemeza fagio ukutani, akatoka. Hakufika kituoni, alitapika kwenye theluji kando ya njia, watu wakampita wakidhani amelewa.

Nyumbani alisimulia yote. Binti yake Emmanuella alijibu kwa Kiswidi kwamba ilikuwa keki, si mtu.

"Muache baba yako," Denise akamkatiza, kisha akamgeukia mumewe. "Na wewe, Papa Emmanuella, habari za Maître Léonidas uliwaambia?"

"Hapana."

"Basi wale watoto walikula keki."

Alijua mkewe amesema kweli. Lakini kinyaa hakisikii hoja, na usiku ule hata ugali ulimshinda.

Kesho yake kampuni ya usafi iliyomwajiri ilimtaka aombe radhi au aache kazi. Akaacha. Baada ya wiki Gunnel alimtumia barua ya upole, akisema hakukusudia kumuudhi. Ndani ya bahasha aliweka na picha: wanafunzi wamelizunguka lile fuvu, wanatabasamu. Bonaventure aliishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota panya aliyeoza, akaitupa kwenye pipa la uchafu, kisha akanawa mikono kwa sabuni mara mbili.

Mwaka 2009 vyeti vyake vilitambuliwa, akaanza kufundisha watu wazima katika mji wa Södertälje. Ni mwalimu mzuri, wanafunzi wanamsifu. Wakimuuliza Descartes alikufaje, hujibu neno moja, nimonia, kisha hugeukia ubao haraka.