Kilatini cha Nje ya Ua

Mimi Mwantumu, wengi huniita Mama Saumu, mwenye duka la chumvi na kaniki hapa Dongobesh, sijui Kilatini. Nasema mapema maana watu wana midomo. Lakini nilikisoma kwa sauti kiangazi kizima, nje ya ua wa Mwalimu Patriki, na aliyetaka kucheka alicheka.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, baada ya vita ya pili. Patriki, Mwiraqw wa hapahapa, alisoma seminari akaiacha akamwoa Natalia. Miaka mingi alimsaidia Padri mmoja Mzungu kutengeneza kitabu cha Mrumi wa kale kuhusu ufugaji wa ng'ombe. Kitabu kilinakiliwa kwa mkono karne na karne, kila mnakili akiongeza makosa yake, nao walitafuta maneno yalivyokuwa mwanzo. Kazi ya wendawazimu, nilimwambia. Padri akazeeka, macho yakamfa, akarudi kwao na nakala safi ya kupeleka kwa wachapaji. Rasimu ilibaki kwa Patriki.

Kisha Natalia akafariki kwa uzazi, yeye na mtoto. Wairaqw wana mwiko wao, metimani: nyumba iliyopatwa na kifo cha namna hiyo hutengwa. Hakuna kuingia wala kutembeleana, hata kuombana moto, mpaka wazee waseme imetosha. Misheni waliukataza mwiko huo kwa maneno, majirani wakaushika kwa vitendo. Patriki naye alishika, na Kilatini chake chote. "Nikivuka, mtoto wa mtu akiugua, watasema ni mimi," aliniambia.

Ndipo furushi likaja na lori: kurasa za majaribio kutoka Ulaya, za kusahihishwa kabla kitabu hakijachapwa. Zisiporudi mapema, kitachapwa hivyohivyo na aibu zake. Kazi hiyo ni ya wawili. Mmoja husoma kwa sauti ukurasa uliochapwa, mwingine hufuata rasimu kwa macho. Kidole kimoja hakivunji chawa, na msomaji wake, Natalia, alikuwa kaburini.

Nikasema nitasoma mimi. Tangu utotoni, chuo cha Kurani, nimefundishwa kutamka nisichokielewa, tena kwa adabu, herufi isipotee. Kaka yangu Hatibu akanuna, eti wateja watatukimbia. Nikamjibu kwamba nakaa nje, na masikio hayana mwiko.

Basi nilikaa kwenye kigoda nje ya ua wake wa minyaa. Nasoma, yeye ndani anasema "sawa". Penye kosa naweka ukurasa juu ya jiwe la mlangoni, narudi nyuma, anakuja anasahihisha. Siku nyingine alichelewa kusema sawa makusudi ili nikae zaidi. Nilijua, nikanyamaza. Mtu asiye na wa kumwambia habari za asubuhi, utamnyima hilo?

Siku moja nikasoma "bovesi".

"Boves," akasema toka ndani. "Maana yake ng'ombe wengi. Usiongeze i, Mama Saumu."

"Siongezi, Mwalimu. Imechapwa hapa."

Nikamsikia akifunua rasimu. Kisha akasema, "Weka juu ya jiwe."

Akaja, amekonda, akalitazama neno lile bila kuinua uso. Akanieleza polepole. Natalia ndiye aliyemsomea rasimu wakati anaandika nakala safi. Hakuweza kuacha neno liishe bila irabu, kama sisi sote tunavyosema Hermani badala ya Herman. Kila mara Patriki alimtania, akaandika lililo sahihi. Mara hii moja mkono uliandika kilichosikiwa na sikio, na wachapaji wakakipanga kilivyo.

"Ni yeye huyu," akasema. "Ndivyo alivyosema."

Roho iliniuma. Nikamwambia aliache, nani huko Ulaya atajua?

"Padri atachekwa. Watasema hajui hata ng'ombe." Akatoa kalamu, akaikata ile i kwa mstari mwembamba, akaweka alama pembeni. Akaacha ukurasa juu ya jiwe na kurudi ndani.

Nikauchukua, nikakaa, nikaanza mstari unaofuata.

"Hapana," akasema. "Rudia ule. Kama ulivyochapwa."

Nikasoma: bovesi.

"Tena," akasema.