Wa Mwisho Kusikilizwa

Miaka ile ya kuhamia vijijini, mama yangu alishushwa kutoka kilimani nyuma ya Simbo, akaletwa barabarani penye nyumba zilizopangwa mstari kama madawati. Watu wa serikali walimfuata asubuhi, wakamwambia atoe vyombo, na kabla hajamaliza kutoa vyombo paa lilikuwa limeshavuliwa. Michikichi yake ikabaki juu kule kule. Mama hakuwa mtu wa kunung'unika kimoyomoyo. Alinung'unika kwa sauti, kila siku, hata mbele ya katibu wa chama, mpaka katibu akawa anapita njia nyingine.

Kwa hiyo iliposikika kwamba wazungu wawili wa shirika la haki za binadamu wanakuja kuwasikiliza watu waliohamishwa, tena kwa ruhusa ya serikali, mama alifua kitenge chake siku ileile. Mimi nilikuwa nakaa Ujiji, nafundisha kisomo cha watu wazima, nikaitwa kutafsiri. Watu wangesema Kiha, mimi ningesema Kiswahili, maana mmoja wa wale wageni, mwanamke, Kiswahili alikijua sawasawa.

Sikwenda peke yangu. Nyumbani kwangu alikuwepo mwanamke aliyekimbia kutoka ng'ambo ya mpaka, akashukia Kagunga kwa mtumbwi na watoto wake. Tulikuwa rika moja, tukiitana dada. Mumewe alikuwa mwalimu. Askari wa huko kwao walimtoa darasani mchana kweupe, na tangu hapo hakuonekana. Matanga hakukaa. Kwao kama kwetu, humlilii mtu ambaye hakuna aliyekuambia amekufa. Kumlilia ni kumuua wewe mwenyewe. Basi mwenzangu akawa si mke si mjane, hawezi hata kwenda kucheza kwenye harusi ya jirani. Kwa wale wageni alitaka jambo moja tu: waiulize serikali ya nchi yake, mume wangu yu hai au amekufa? Yeye isingemjibu. Wazungu labda ingewajibu.

Tulikutana darasani, katika shule ya kijiji kipya, wazee wakapanga watu. Kwetu baraza huanza na madogo: mbuzi kala mihogo, fulani kasogeza mpaka wa shamba. Shauri la damu huwekwa mwisho, madogo yakishaondoka njiani na watu wametulia. Anayesema mwisho, kila mtu anajua ndiye mwenye jambo. Wazee walipoisikia habari ya dada yule hawakubishana hata kidogo. Huyu wa mwisho, wakasema, wakamtafutia kiti. Naye akashukuru, maana alijua amepewa heshima yake.

Lo, watu walisema siku ile! Aliyevunjiwa nyumba, aliyepoteza mtungi wa mawese, aliyesukumwa akiwa mgonjwa. Mama yangu alisema mpaka mate yakamkauka. Yule mzungu mwanamume aliandika bila kuinua kichwa, na mwanamke alimfasiria, akaandika na yeye, akauliza maswali mazuri, simsingizii. Yote yaliyosemwa yalikuwa kweli. Katibu wa chama alikaa karibu na mlango akitoka jasho, lakini alikaa, na hakumziba mtu mdomo.

Jua lilipoanza kushuka, mwanamke yule akafunika kalamu yake, akasema asanteni sana, tumesikia ya kutosha. Nikamwambia bado mmoja. Akamtazama mwenzangu, akauliza, naye alihamishwa kutoka wapi? Nikamweleza. Akasikitika, nilimwona kabisa.

"Dada, ripoti yetu ni ya nchi hii," akasema. "Kule tuliomba kuingia, wakatukatalia. Hatuwezi kuandika tusiyoyaona."

"Huyu hapa aliyeyaona. Mnataka nani tena?"

"Huo ni upande mmoja. Ingebidi tuisikie na serikali yake."

Hasira zikanipanda mpaka kichwani. "Ala! Kwa hiyo mwenye kufunga mlango hana kesi? Sisi tuliowafungulia ndio tuanikwe?"

Mama akanivuta kanga. Nilidhani ananinyamazisha. Thubutu! Alitaka nimpishe. Akasogea mpaka mbele ya meza, akasema kwa Kiha, nami nikatafsiri: "Yangu yafute. Nyumba nitajenga nyingine. Andika ya huyu."

Mzungu mwanamume akawa mwekundu. Dereva alikuwa ameshawasha gari. Mwishowe mwanamke akaifungua tena kalamu, akaandika jina la mwalimu na shule alikochukuliwa, sote tumesimama. Ya mama hawakuyafuta. Tuliporudi Ujiji dada yule alipika yeye, akatutania sote, na watoto wake wakashangaa kumwona mama yao anacheka.

Ripoti ilifika mwaka uliofuata. Yule mzungu mwanamke aliituma kwa posta, na kwa hilo namshukuru. Kiingereza changu kilikuwa cha kuchechemea, nikaisoma na mwalimu mwenzangu. Nchi yetu ilijaa humo, ukurasa kwa ukurasa, na mama yumo bila jina, paa lake na michikichi yake. Mjini wapo waliokasirika, wakasema nyani haoni kundule, wazungu wakaandike ya kwao kwanza. Mimi sikuwa upande huo. Paa la mama yangu halikuvuliwa na mzungu. Lakini iliniuma vibaya kuona kwamba tumepimwa sisi tu, kwa sababu tu tulikubali kupanda kwenye mizani. Ya ng'ambo yaliwekwa mwishoni kabisa, mistari michache.

Dada yule alikuwa uani anachambua dagaa. Akaniuliza, "Yumo?"

Nikamwambia hayumo.

"Na serikali ya kwetu wameisema nini?"

Nikamsomea kwa Kiswahili, polepole: shirika liliomba kuingia katika nchi hiyo, likanyimwa ruhusa, na linasikitika.

Mikono yake iliendelea na dagaa. Kisha akasema, "Kumbe kosa lao ni kunyima wageni ruhusa."

Nilitamani kuichana ile ripoti, lakini ya mama yangu yalikuwa humo, na ya watu wengine waliosema kweli.

Akanawa mikono, akajifunga kanga vizuri. "Dada, niitie majirani," akasema. "Hakuna atakayeniambia."

Tukatandika mikeka, majirani wakaja, tukamlilia yule mwalimu, wala hatukujua kama amekufa.